Treni inazunguka ila meza bado ni toi: anza na reli, miti baadaye

Swali lenyewe kwa kifupi: msomaji ana ubao wa treni za modeli wa futi 4 kwa 8, skeli ya HO (kila kitu kidogo mara 87 kuliko cha kweli), amelaza miviringo miwili mmoja ndani ya mwingine, na pointi nne za kugawanya njia. Treni ikienda mbio inapita vizuri, ikienda polepole inazima juu ya pointi. Ameshaweka nyumba, kilima pembeni, miti ya sentimita 8 au 9 na nyasi za kutosha, na ana mabehewa marefu ya abiria, lakini akisimama kuangalia bado anaona toi, sasa anauliza amekosea wapi na aongeze nini.

Usiongeze kitu kwanza, ndugu yangu. Hayo matatizo mawili chanzo chake ni kimoja, reli umeichukulia kama kitu cha kupitishia umeme na treni tu, alafu nguvu zote ukapeleka kwenye miti na nyumba. Reli nayo ni modeli. Na kwa mtazamo wangu ndo modeli kubwa kuliko zote pale mezani, maana inaonekana pande zote na macho ya mtu yanaifuata yenyewe bila kuambiwa. Kama inang'aa pembeni, mataruma (vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli) ni plastiki nyeusi tii, na imelala juu ya ubao tambarare, hata ukipanda msitu mzima pembeni yake bado mtu ataona toi.

Tuanze na kuzima maana hilo halisubiri. Angalia pointi yako kwa karibu, kuna kile kipande chenye umbo la V pale reli mbili zinapokutana. Kwenye pointi nyingi za kununua kipande hicho ni plastiki, au ni chuma ambacho hakijapewa umeme, kwa hiyo kichwa cha treni kifupi chenye ekseli mbili au tatu kikifika pale gurudumu moja linakuwa halina umeme, na kama gurudumu lingine nalo lina uchafu basi hamna kitu, kinafia hapohapo. Kikiwa mbio kinavuka kwa msukumo wake ndo maana ukadhani pointi ni nzima.

Kabla hujang'oa chochote safisha magurudumu ya kichwa. Chukua tishu, ilowanishe kidogo na alkoholi ya isopropili, ilaze juu ya reli, alafu shika kichwa magurudumu ya upande mmoja yakae kwenye reli yapate umeme na ya upande wa pili yazunguke juu ya tishu. Utaona mistari myeusi inavyotoka. Geuza, rudia. Reli nazo zifute kwa kitambaa chenye alkoholi hiyohiyo, na tafadhali msasa usiuguse reli, unaacha mikwaruzo midogo ambayo uchafu unakaa humohumo na wiki mbili baadaye uko palepale.

Bado inazima? Sasa ni nyaya. Watu wengi wanaunga umeme sehemu moja tu ya mviringo na kutegemea vile viungio vidogo vya bati kati ya reli na reli viupitishe mpaka mwisho. Vitaupitisha leo na kesho, baadaye vinalegea, vinashika kutu, na ukija kupaka rangi (utapaka, nakuja huko) rangi inaingia ndani na umeme unakata. Chini ya ubao pitisha nyaya mbili nene, za milimita 1.5 za mraba zinatosha kabisa kwa meza yako, zifuate njia ya reli, alafu kila kipande cha reli kilehemu waya mwembamba mfupi unaoshuka kwenye hizo nene. Kila kipande, usiruke. Ni kazi ya kuchosha mgongo lakini ukiimaliza umeimaliza. Kama mfumo wako ni wa dijitali, ule wa DCC unaotuma amri kwa kila kichwa kupitia reli, ambao NMRA, chama cha wapenzi wa treni za modeli cha Marekani, ndo kilioufanya kuwa sitandadi, kuna kipimo rahisi: weka sarafu ilale juu ya reli zote mbili, mashine inatakiwa ikate umeme papohapo. Zungusha sarafu meza nzima. Pale ambapo haikati, ujue waya hapo ni mwembamba au umeunga vibaya, na siku behewa likianguka hapo umeme utaendelea kupita mpaka plastiki iyeyuke.

Kwenye pointi zenyewe, zile ndimi mbili zinazohama kila ukibadilisha njia mara nyingi zinapata umeme kwa kugusa reli ya pembeni tu, basi lehemu kiwaya chembamba kila ulimi upate umeme wake wa uhakika. Na kama V ni ya chuma, ipe umeme kupitia swichi ndogo inayobadilika pamoja na pointi, maana V inatakiwa iwe chanya njia ikielekea huku na hasi ikielekea kule, ukiiunga moja kwa moja bila swichi utapiga shoti. V ya plastiki ikikusumbua sana, kwenye dijitali unaweza kuweka kapasita, kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme, ndani ya kichwa ikisogeze zile sentimita chache, ila mi naona hiyo ni ya mwisho baada ya kurekebisha reli, sio badala yake.

Kitu cha mwisho kwenye mwendo, pima nafasi kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja, kwa ndani. HO inataka milimita 14.4 hivi. Magurudumu yakibanana sana au kuachana behewa litaruka kwenye V kila siku na utailaumu pointi bure.

Haya yote yafanye kabla ya kugusa gundi. Kokoto zikishamwagiwa gundi, kurekebisha waya wa pointi ni kubomoa.

Sasa muonekano. Reli za modeli zinauzwa kwa namba, 100, 83, 75, hizo ni sehemu za inchi iliyogawanywa mara elfu, urefu wa reli kwenda juu. HO ni 1:87, kwa hiyo reli ya 100 ukiikuza inakuwa na kimo cha sentimita 22, wakati reli nzito za kweli za Ulaya ni 17 na kidogo. Ya 83 inatoka 18, ya 75 inatoka 16.6. Kwa hiyo kama umelaza ya 100, na seti nyingi za kuanzia zinakuja nayo, reli zako kweli ni nene kupita kiasi. Sikwambii ung'oe. Nakwambia upake rangi, maana rangi inaficha sehemu kubwa ya huo unene na inafanya kazi kubwa kuliko kubadilisha reli.

Paka ubavu wa reli kahawia iliyofifia, ile ya kutu kavu iliyochanganyika na vumbi. Machungwa hapana, kutu ya machungwa inaonekana kwenye chuma kilichotupwa juzi, reli inayotumika ina kahawia iliyopoa inayokaribia kijivu. Mataruma nayo yatoe kwenye ule weusi wa plastiki, mbao za kweli zikikaa juani zinakuwa kijivu, za zege zinakuwa kijivu cheupe chenye madoa ya kutu pale reli inapokalia. Usipake yote rangi moja, chukua taruma moja hapa mbili pale uzipe kivuli tofauti kidogo. Njia inayotumika sana iwe na mstari mweusi wa mafuta katikati pale vichwa vinaposimama, njia ya pembeni isiyotumika iwe na kutu zaidi na majani. Ukimaliza futa juu ya reli pale gurudumu linapopita, rangi ikiwa bado mbichi, na ziba ndimi za pointi kwa tepu kabla hujaanza la sivyo utarudi kwenye kuzima. Ukiishia hapa tu, bila kokoto, bila kitu kingine, simama uangalie, nina uhakika utashangaa.

Kokoto sasa, na hapa ndo wengi wanaharibu. Kokoto za reli za kweli ni kama sentimita 3 mpaka 5. Gawa kwa 87, unapata nusu milimita hivi. Nusu milimita! Ukiangalia pakiti nyingi zilizoandikwa HO zina mawe ya milimita moja na zaidi, hayo kwa ukubwa wa kweli ni mawe yanayojaza kiganja, mtu mzima akitembea juu yake anavunjika kifundo. Nunua ya skeli ya N, ile ndogo kuliko HO, au chekecha mwenyewe kwa chujio la chai ubakize ile laini. Na chochote utakachotumia pitisha sumaku juu yake kwanza, hasa ukitumia mchanga wa kuokota, mchanga mwingi una chembe za chuma na mota za vichwa vina sumaku ndani, chembe ikivutwa mle umepoteza mota.

Kumwaga kwenyewe: mwaga kavu, kidogokidogo, sambaza kwa brashi laini mpaka zikae chini ya usawa wa mataruma, sio juu yake. Kwenye ndimi za pointi acha nafasi, weka chache sana. Ukiridhika, nyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo au hiyo alkoholi mpaka zilowe, hii hatua usiiruke kwa sababu gundi ikitua kwenye kokoto kavu inajikunja kuwa mpira na kubeba mawe yote. Zikilowa, dondosha gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, gundi moja kwa maji mawili au matatu, kwa bomba la sindano, taratibu, iingie yenyewe. Iache usiku kucha. Wakati inakauka sukuma ndimi za pointi kila baada ya muda zisije kuganda. Asubuhi futa juu ya reli, pitisha kidole ndani ya kila reli utoe jiwe lililosimama, alafu ndo upitishe treni.

Tatizo lako kubwa la pili ni ubao kuwa tambarare. Umeweka kilima pembeni nimekielewa, lakini ardhi yako inapanda tu, haishuki. Reli ya kweli karibu kila mahali ama iko juu ya tuta ama imekatwa ndani ya mlima, na pembeni yake kuna mtaro wa maji, maana adui mkubwa wa reli ni maji yakituama chini yake. Kwa hiyo kata. Pale ambapo hamna reli kata ubao kwa msumeno, shusha kipande sentimita 4 au 5, weka kijito na kalvati au daraja dogo. Hata kama hutaki kukata, inua reli kwa ukanda wa koki (ile ya vizibo vya chupa) wa milimita 5 wenye mteremko pembeni, alafu chonga kamtaro pande zote. Kitu kidogo sana, ila kikikosekana jicho linajua kuna kitu hakipo hata kama mtu hawezi kusema ni nini.

Alafu reli zako zote zimenyooka sambamba na ukingo wa meza. Hii inamwambia mtu "hapa ndo meza inaishia". Ungekuwa bado hujalaza ningekwambia pindisha mviringo mzima digrii chache, ila kwa sasa dawa ni nyingine na mi naipenda zaidi: simamisha kizuizi katikati ya ubao kwa urefu, kinapita kimo cha treni mara tatu au nne, upande mmoja paka anga, upande wa pili paka anga. Umepata sehemu mbili tofauti kwenye ubao uleule. Huku mji na stesheni, kule shamba au pori. Treni inaondoka huku, inapotea, inatokea kule, na mtu hawezi kuona mviringo wote kwa mara moja, na ule mviringo kuonekana wote kwa mara moja ndo unaoipa meza sura ya toi kuliko kitu chochote. Pale treni inapopita kizuizi ficha tundu kwa handaki, daraja la barabara au ghala. Anga ipake hafifu kuliko unavyodhani, milima ya mbali iwe ya bluu kijivu iliyopauka, na hakuna sababu ya kuchora kitu chenye kivuli kikali kule nyuma.

Kuhusu mabehewa. Behewa refu la abiria la Ulaya ni mita 26.4, kwenye HO ni sentimita 30. Ili behewa lipite kona bila kuchekesha, nusu kipenyo cha kona kiwe angalau mara tatu ya urefu wake, yaani sentimita 90 hivi. Wewe kona yako ya nje haizidi 56, maana ubao una 122 tu kwa upana. Kwa hiyo yale mabehewa marefu, najua ni mazuri, yaweke kabatini yasubiri ubao mwingine. Tumia ya mizigo ya sentimita 12 mpaka 15 na kichwa kidogo, treni ya mabehewa matano mafupi kwenye meza yako inaonekana ndefu kuliko matatu marefu yanayoning'inia nje ya kona.

Na mwendo! Kilomita 80 kwa saa kwenye HO ni sentimita 25 na kidogo kwa sekunde. Mviringo wako wa nje una kama mita 6, kwa hiyo treni ikizunguka chini ya sekunde 23 umeshapita 80. Treni ya mizigo ya kilomita 40 inatakiwa ichukue sekunde 47. Chukua simu upime, wengi wanakuta treni zao zinakimbia kilomita 200 na zaidi bila kujua. Kupunguza mwendo hakuna gharama yoyote na kunabadilisha kila kitu, ila sasa unaona kwa nini nimeanza na nyaya za pointi, huwezi kwenda polepole kama treni inazima.

Hizo pointi nne pia zipe kazi. Tumia mbili kutengeneza njia tatu za pembeni upande wa stesheni kwa mpango wa Alan Wright wa Uingereza, unaitwa Inglenook: njia moja inaingia mabehewa matano, mbili zinaingia matatu matatu, na njia ambayo kichwa kinatumia kuvuta na kusukuma mabehewa inatosha kichwa na mabehewa matatu. Unakuwa na mabehewa nane, unachota matano kwa bahati nasibu, kazi yako ni kuyapanga kwa mpangilio uleule yalivyotoka. Mipangilio inayowezekana ni 6,720. Huo mchezo utakuweka mezani jioni nzima, na hutamani tena treni izunguke tu.

Miti na nyasi nitapita haraka maana umeshaweka, ni kuzipunguza na kuzichanganya tu. Nyasi za kusimamishwa kwa umeme wa chaji zinakuja kwa milimita 2, 4, 6. Ya 2 ni nyasi ya sentimita 17, ya 6 ni nusu mita, kwa hiyo ukimwaga ya 6 kila mahali umepanda pori. Changanya urefu na rangi, weka na ile ya kukauka ya njano, na acha udongo uonekane sehemu. Mti wa mita 20 kwenye HO ni sentimita 23, yako naona ni ya 8 au 9, hivyo ni vichaka. Peleka vidogo nyuma karibu na anga, vikubwa vichache mbele, viwe vichache kweli. Kila jengo lipulizie vanishi isiyong'aa maana plastiki inayometameta inajisema yenyewe, alafu rangi nyeusi ya kahawia iliyoyeyushwa sana uipitishe iingie kwenye mifereji ya matofali na chini ya paa. Na jengo lisikae juu ya ardhi, lizamishe kidogo, ziba ule mwanya mweusi chini ya ukuta kwa udongo na nyasi.

Mwisho wa yote inua meza. Kama ipo usawa wa kiuno unaiangalia kutoka juu kama unapita na ndege, ipandishe mpaka sentimita 120 au 130 na taa iwe ya rangi moja kote, ikae mbele na juu ya ukingo, sio nyuma yako maana utatupa kivuli. Alafu shusha simu ikae juu ya ubao, kamera usawa wa reli, piga picha ya sentimita 30 tu za njia. Kila kosa litajionyesha humo, mwanya chini ya ukuta, kokoto iliyosimama juu ya taruma, gundi inayong'aa. Anza na kipande kifupi kama hicho karibu na pointi mojawapo, kimalize chote toka waya mpaka nyasi kabla hujaenda kipande kingine, na kabla hujakata ubao hakikisha chini yake hapo hamna mbao ya kiunzi wala nyaya ulizopitisha.